Alhamisi za Baba Kwenye Makaburi ya Rangi

Mama alianza kunusa koti la baba mwaka ule nilioposwa. Ilikuwa 1959. Wamasai walikuwa wanahamishwa kutoka Serengeti kuletwa upande wa Ngorongoro, wazungu wa mashamba walikuwa wananong'onezana habari za Uhuru, na Karatu nzima kila mtu alikuwa na lake la kuogopa. La mama lilikuwa nyuma ya mlango wa chumbani, limetundikwa msumarini. Ijumaa asubuhi, baba akishakwenda kazini, alilishika lile koti kwa ncha za vidole, akalisogeza puani, kisha akalirudisha taratibu, kama anayemlaza mtoto aliyesinzia. Siku moja akaniita na mimi ninuse.

"Unasikia nini?"

Nikamwambia nasikia ubani.

"Na nini tena?"

Na marashi. Nilisema kwa sauti ndogo, maana nilishaelewa swali linakokwenda. Kwetu hatukuwa watu wa ubani wala marashi. Tulikuwa Wambulu, wakulima wa ngano na maharage, Wakristo wa kanisa la bati lililokuwa ng'ambo ya korongo, na baba alikuwa mmoja wa wazee wa kanisa hilo. Kazi yake ilikuwa fundi rangi kwenye shamba la kahawa la mzungu, njia ya Oldeani. Harufu ya mafuta ya taa tuliizoea, kwa kuwa ndiyo aliyonawia rangi. Hii nyingine ilikuwa ya nyumba za watu.

Baba hakuwa mtu wa kuchelewa. Ungeweza kusonga ugali kwa kusikia tu kikohozi chake kwenye uzio. Lakini tangu mvua za vuli alianza kurudi giza likiingia kila Alhamisi, akisema kazi zimekuwa nyingi. Mama hakubishana naye. Alitazama kucha zake. Zilikuwa na kijani, na sisi tulijua kwamba mwezi mzima shambani walikuwa wanapaka chokaa nyeupe kwenye mabanda ya kahawa. Alituambia jirani yetu, ambaye mumewe alifanya kazi hapo hapo. Huyo jirani alizijua habari za watu kuliko wao wenyewe. Ndiye pia aliyekuja jioni moja na kibuyu cha maziwa ambacho hatukumwomba, akakaa, akasema kwa upole kwamba amemwona baba akishika njia ya nyuma ya mashine ya kusaga, ile inayopanda kuelekea msituni. Mbele yake alikuwepo mwanamke aliyejitanda khanga mpaka usoni, amemshikia kopo.

"Mwanamke wa namna gani?" mama aliuliza.

"Si wetu," jirani akasema. "Mwendo wake kama wa watu wa Kondoa."

Mama alimimina maziwa, akamrudishia kibuyu chake kikiwa kimeoshwa. Jirani alipotoka akaniambia kwamba Alhamisi tutakwenda mjini kuuza maharage. Sikumwuliza tutamuuzia nani siku isiyo ya soko.

Njiani alitangulia na kikapu cha maharage. Mimi nilikuwa na mawazo yangu. Mchumba wangu alikuwa kijana wa Endabash, mahari ilikuwa nusu imelipwa, na kama baba angekutwa na mke wa pili, sijui wazee wa kwao wangelipokeaje jambo hilo. Nadhani nilimchukia baba kidogo asubuhi ile kabla sijajua lolote.

Mjini Karatu mama aliingia duka la Mwarabu tuliyenunua kwake chumvi, akaulizia kule juu kuna nini. Yule mzee alishusha miwani. Alisema kuna kaburi la shehe wa tarika, na watu wa tarika hiyo hukusanyika pale Alhamisi wakasoma dhikiri na kupiga matari. Yeye mwenyewe, alisema, ni Mwislamu tangu tumboni mwa mama yake, lakini pale hafiki. Huyo shehe hakuna anayejua ukoo wake. Alikuwa akisafiri na lori la wafanyabiashara kupanda Ngorongoro, lori likakwama kwenye tope chini ya mlima, homa ikamkamata, akafa, wakamzika palepale. Wapo wanaosema hata shehe hakuwa, alikuwa mpishi wa msafara. Na sasa angalia, kila anayekufa kati yao wanampeleka huko, wanampaka rangi kama baiskeli.

"Wanampaka nani rangi?" mama aliuliza.

"Kaburi, mama. Nenda ukajionee. Lakini maharage yako usiyaache chini."

Tulipita mashine ya kusaga, tukapanda. Njia ilikuwa na mawe pembeni, makubwa kama kichwa cha ng'ombe, yamepakwa nyeupe na nyekundu. Mahali fulani tuliwakuta wazee wawili wa Kimasai wamesimama juu ya jiwe mojawapo kwa namna ambayo watu husimama juu ya nyoka aliyeuawa, bado hawana hakika. Mmoja alitusalimu, kisha akauliza kwa Kiswahili cha kukatakata kama mawe haya ni ya serikali. Walikuwa wamehamishwa na ng'ombe wao kutoka kule tambarare. Waliambiwa mpaka ni hapa, kisha wakaambiwa ni pale, na kila mara ilianza kwa mtu kuja kusimika jiwe lenye rangi. Mama alijibu kwamba hajui. Mzee akatazama kikapu chetu muda mrefu. Nilielewa kwamba anatudhania na sisi tumetumwa. Na kweli, hata sisi tulikwenda kupeleleza.

Halafu msitu ukaachia, tukafika.

Mpaka leo nimeona makaburi mengi, lakini sijaona kama yale. Yalitandaa kwenye mteremko, madogo na makubwa, kila moja na rangi yake: moja jekundu la rangi ya mabati, jingine njano ile ya magari ya kutengenezea barabara, jingine bluu ya matangi ya maji, mengine kijani cha madirisha ya wazungu. Baadaye nilijifunza sababu. Watu wa tarika ile walikuwa vibarua, madereva na mafundi, na kila mmoja alipomzika ndugu alikuja na rangi iliyobaki kazini kwake. Ndani ya sakafu za makaburi walikuwa wamepachika vitu vya marehemu: sahani ya bati yenye maua, taa ya lori, bakuli, kengele ya baiskeli. Jua lilipopiga yale makopo na vioo, macho yaliuma.

Kaburi la shehe lenyewe lilikuwa ndani ya nyumba, na nyumba yenyewe ndiyo iliyonitia baridi. Nilitegemea kuba jeupe kama nilivyoona kwenye picha shuleni. Hii ilikuwa tembe, tembe yetu ya Kimbulu kabisa, iliyochimbwa nusu ndani ya mlima, paa lake la udongo limeota nyasi, mbuzi wawili wanakula juu yake. Kwenye nyasi zile walikuwa wamesimika mwezi mchanga uliokatwa kwa bati la debe, na bendera za kijani. Nyumba ya bibi zetu imefanywa ya watu wengine. Mama aliitazama, akatema mate pembeni.

Mwanamke alitoka humo akiinama. Hakuwa kijana. Alikuwa rika la mama, Mrangi wa Kondoa, mwembamba, na khanga yake ilikuwa na matone ya kijani. Mama aliyaona matone hayo. Niliuona mkono wake ukikaza kishikio cha kikapu.

Yule mwanamke alitukaribisha, lakini hakutusogelea. Aliuliza tumetumwa na nani. Alisema mwezi uliopita watu wasiojulikana walikuja wakachana bendera, na tangu hapo kila mgeni anamwuliza. Mama alisema hatukutumwa, tunauza maharage. Aliposema hivyo yule mwanamke akaacha kutazama kikapu, akaanza kumtazama mama mdomoni. Mama ana mwanya mpana wa meno ya juu. Hata mgonjwa asiyeona vizuri asingeukosa.

"Mnauza maharage makaburini?" yule mwanamke aliuliza, sasa kwa sauti nyingine.

"Tunauza penye watu. Na mtu mmoja nasikia haachi kuja."

"Wanakuja wengi."

"Huyu ni fundi rangi."

Mwanamke akasema kaeni, atafika, akaingia ndani, akatoka na kahawa kwenye vikombe visivyo na mkono. Mama hakunywa. Mimi nilikuwa na kiu, lakini nilikiweka kikombe changu karibu na chake.

Baba alifika jua limeanza kulala, koti begani, kopo la rangi mkononi. Alipotuona hakukimbia wala hakukasirika. Alimtazama mama, na kabla hajatamka neno macho yake yakaenda upande, kwenye kaburi moja la kijani lililokuwa karibu na ukingo wa msitu, kisha yakarudi haraka. Mama alikuwa ameishi naye miaka ya kutosha. Aliinuka akaenda moja kwa moja mpaka kwenye lile kaburi.

"Nani huyu?"

Baba aliweka kopo chini. "Ni mdogo wangu," alisema.

Mimi nilijua baba alikuwa na mdogo wake mmoja ambaye nyumbani kwetu hatukumtaja. Tuliambiwa alikwenda kwenye mkonge wa Tanga akapotea huko. Sikujua kwamba alikuwa mtu wa kufa karibu kiasi hiki, mwendo wa asubuhi kutoka shambani kwetu.

Mama aliketi chini, kwenye nyasi, bila kutandika kitu. Alikaa hivyo mpaka mmoja wa wale mbuzi akaja akaanza kunusa kikapu, na yule mwanamke akamfukuza kwa mkono.

"Tangu lini?" mama aliuliza.

"Alirudi mvua za mwaka juzi. Alikuwa mgonjwa tayari. Amekufa vuli hii."

"Na ukanikalia kimya."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mtu mwenyewe amekufa."

"Alipokuja alikuwa hajafa," baba alisema.

Nilimtazama mama, nikamtazama baba, nisielewe. Aliyenieleza ni yule mwanamke, baada ya kunivuta kando eti nimsaidie kuosha vikombe. Alikuwa mjane wa huyo baba yangu mdogo. Mumewe alisilimu Kondoa akiwa utingo wa lori, na babu alipopata habari akapiga marufuku jina lake lisisikike kwenye boma. Lakini kabla ya hapo, kijana yule alikuwa ameshamchumbia msichana, na asali ya uchumba ilikwishapelekwa kwa wazazi wake. Babu hakutaka asali yake ipotee, akampeleka kaka mtu badala yake.

"Mume wangu alinisimulia mwanya wa mama yako," alisema, akizungusha maji kwenye kikombe. "Aliposema 'maharage' nikaujua."

Nilimwuliza kama baba alikuwa anataka kumrithi, maana kwetu na hata kwao mjane wa ndugu hurithiwa, na sikuona kwa nini mama asiogope bado. Alicheka kidogo, si kwa furaha. Alisema kama kaka wa mumewe angetaka mke, asingekuja na kopo la rangi. Nilitaka kumwamini. Niliuona pia uso wake wakati anasema, ulivyogeukia upande wa baba, na sikumwamini moja kwa moja.

Tulirudi nyumbani kwa mstari, mama mbele, mimi katikati, baba nyuma. Maharage tuliyaacha kule. Mama alimwekea yule mjane kikapu mlangoni pa tembe bila kusema kwaheri, na kikapu hakikurudi.

Unaweza kudhani jambo liliishia hapo, kwa kuwa siri ilikuwa imetoka nje. Halikuishia. Alhamisi iliyofuata mama aliniambia niende na baba, nikamsaidie kubeba kopo. Kopo lilikuwa dogo, hata mtoto angelibeba. Nilikwenda, na Alhamisi nyingine nikaenda tena, na tuliporudi mama alikuwa akinihoji huku akichambua mboga: walikaa wapi, nani alimpa nani maji, walizungumza lugha gani. Baba alijua kabisa nimetumwa. Wakati mwingine akimaliza kupaka aliketi kwenye jiwe mbali na tembe, akaniambia, "Mwambie mama yako nilikaa hapa." Nami nilimwambia mama hivyohivyo, naye akauliza jiwe hilo liko umbali gani na mlango.

Hivyo ndivyo nilivyoizoea ziara ile. Wanaume waliingia ndani ya tembe, wakakaa duara kulizunguka kaburi la shehe lililofunikwa shuka la kijani, wakaanza kumtaja Mungu kwa pumzi, kwanza polepole, kisha kwa nguvu kama mivukuto ya mhunzi, na udongo ukadondoka kutoka darini mabegani mwao. Mwanzoni niliziba masikio nikasema Baba Yetu. Baadaye nilisikiliza. Siku moja nilimwona baba amesimama mlangoni, hajaingia, brashi bado mkononi, na midomo yake inacheza. Hilo nalo nilimwambia mama. Alifikiri kidogo, akasema midomo ya baba yako haijawahi kujua inasema nini, tangu siku aliyokuja kunichumbia.

Kuna Alhamisi tulipopanda tukakuta mawe yote ya njiani yameng'olewa na kuviringishwa korongoni. Makaburi yenyewe hayakuguswa. Mjane alisema ni watu wa mjini, walewale waliochana bendera. Mwenye duka alisema ni watu wa kanisa. Watu wa kanisa walisema ni Wamasai, waliodhani ni mawe ya mpaka, na hili lilikuwa na akili. Lakini baba alisimama akitazama mashimo yale, kisha akanitazama mimi, nami nikakumbuka kwamba siku iliyotangulia mama alikuwa amekwenda kuni tangu alfajiri na kurudi na mzigo mdogo sana. Baba hakuyarudisha mawe, wala nyumbani hakuuliza. Mpaka leo sijui.

Habari haikukawia kufika kanisani. Wazee wenzake na baba walikuja nyumbani Jumapili moja baada ya ibada, wakakaa kwenye viti vyote tulivyokuwa navyo, wakamwuliza kama ni kweli ameacha njia. Walisema ameonekana kwenye ngoma za makaburini. Walisema yapo maneno ya mwanamke. Baba aliinamisha kichwa, na kwa jinsi alivyoinamisha ungedhani yote ni kweli. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai. Sikutegemea mama aseme, kwani wanawake hawakusema mbele ya wazee hao, na kama kulikuwa na mtu aliyemshuku baba kuliko wote, mtu huyo alikuwa yeye.

"Anakwenda kwa ndugu yake," mama alisema. "Baba mkwe wangu alimfukuza mtoto, nyinyi mkakaa kimya. Sasa huyu amekwenda kumpaka rangi, mnakuja kumwuliza njia?"

Mzee mmoja akasema kwa taratibu, "Na huyo mwanamke?"

"Ni mjane wa shemeji yangu. Namjua. Amekula maharage yangu."

Walikunywa chai, wakaondoka. Baba alibaki mzee wa kanisa, ingawa kwa muda hawakumpa zamu ya kusoma somo. Usiku huo nilitegemea kusikia wazazi wangu wakizungumza, lakini nilisikia tu mama akifunga mlango na baba akikohoa.

Nilifunga ndoa mwaka uliofuata, baada ya mavuno. Mjane alikuja. Alisimama nje ya kanisa, chini ya kivuli cha ukuta, na khanga mpya mkononi aliyotaka kunipa. Wanawake wa Endabash walianza kugusana viwiko. Mama akatoka, akamchukua kwa mkono, akamketisha kwenye mkeka wa mashangazi. Hakumchekea wala hakumkumbatia. Alimpa sahani iliyojaa nyama, kisha akaenda kukaa upande wa pili wa mkeka, pale ambapo angeweza kumwona yeye na baba kwa pamoja.

Miaka michache baada ya Uhuru yule mjane alirudi kwao Kondoa. Paa la tembe lilianguka mvua moja kubwa, na waliobaki wa tarika ile wakahamia msikiti wa mjini. Baba alikwenda kule juu mpaka magoti yalipomkataa. Alipokufa tulimzika kanisani, kwenye mstari wa wazee, sementi ya kijivu kama ya wenzake.

Mama aliishi sana baada yake. Siku moja nilimtembelea, tukawa peke yetu uani, nikamwuliza lile nililokuwa nimelibeba tangu usichana. Nilimwuliza, kama baba angemwambia ile mvua ya kwanza, mdogo wake alipokuwa bado hai, angefanya nini.

Hakuchukua muda kufikiri.

"Ningekwenda kumwona," alisema. "Na sijui kama ningerudi siku ileile. Baba yako alikuwa na haki ya kuogopa."

Kisha akaniuliza kama mume wangu hajambo, na kwa nini siku hizi anachelewa.